Sura ya Tano: Toyota Ilivyopata Jina Kigoma

Mwezi Julai 1960 Land Rover moja iliyolemewa mizigo iliingia mjini Kigoma ikitokea Nairobi. Aliyeshika usukani alikuwa Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea, na abiria wake walikuwa Jane Goodall, wakati huo msichana wa miaka 26, na mama yake, Vanne. Walikuta mji umejaa Wabelgiji waliovuka ziwa kukimbia machafuko ya Kongo. Ikabidi wangoje, huku wakisaidia kuwatengenezea wakimbizi hao chakula, kabla ya kupelekwa Gombe kwa boti. Yaliyofuata huko Gombe yameandikwa katika vitabu vingi. Mimi nakuomba, msomaji, ubaki mjini kidogo ulitazame lile gari.

Enzi hizo mtu aliyetaka kuzunguka Kigoma kwa barabara alipanda Land Rover. Mkuu wa wilaya alikuwa nayo, bwana shamba alikuwa nayo, mapadri wa misheni za Buha walikuwa nayo. Reli ilikuwa imefika ziwani tangu 1914 na mizigo mizito ilikuja kwa treni, lakini ukishashuka stesheni na safari yako ni ya Kasulu au Kibondo, gari lilikuwa hilo. Mwaka huo huo wa 1960 Toyota ya Japani ilitoa Land Cruiser ya toleo la 40. Kigoma haikuwa na sababu ya kuisikia.

Leo simama asubuhi kwenye njia panda ya Mwandiga. Zinapita Hiace zinazotoka Ujiji, Noah na Probox zinazoita abiria wa Kasulu na Manyovu, Land Cruiser nyeupe za serikali na za mashirika, pickup zilizojaza magunia, IST za teksi. Nembo ni ile ile. Ukimuuliza dereva yeyote kwa nini, atakujibu bila kufikiri: Toyota ni ngumu. Ni kweli, lakini jibu hilo linaacha nje watu wengi. Kwa ninavyoona, jina la Toyota katika mkoa huu limejengwa zaidi na kipuri kilichopatikana kwa wakati na fundi aliyejua kukifunga kuliko na ugumu wa chuma chenyewe. Magari magumu yalikuwepo kabla yake, na mengi yalioza yakiwa yameegeshwa.

Tuanze kwao Japani. Toyota haikuanza na magari, ilianza na nguo. Sakichi Toyoda, mtoto wa seremala, alitumia maisha yake kuboresha mashine za kufuma. Mashine yake ya mwaka 1924 ilikuwa na tabia moja iliyoipa sifa: uzi ukikatika, inasimama yenyewe, isiendelee kufuma kitambaa kibovu. Mwaka 1926 alianzisha kampuni ya kuzitengeneza, na mwaka 1929 haki ya kuiunda mashine hiyo iliuzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza kwa pauni 100,000. Mwanawe Kiichiro ndiye aliyeelekeza macho kwenye magari. Idara ya magari ilifunguliwa ndani ya kiwanda hicho cha mashine za kufuma mwaka 1933, na kampuni ya Toyota ikasajiliwa peke yake tarehe 28 Agosti 1937. Kanuni ya uzi uliokatika ikahamia nayo. Mfanyakazi wa Toyota akiona kasoro anavuta kamba, na mstari mzima wa kuunganishia magari unaweza kusimamishwa mpaka kasoro iondolewe. Msomaji aishike kanuni hii, kwa sababu tutaihitaji mbele.

Mwaka 1950 kampuni ilikuwa ukingoni mwa kufilisika. Wafanyakazi waligoma, wengi wakapunguzwa, Kiichiro akajiuzulu mwezi Juni. Mwezi huo huo vita vya Korea vikazuka, na jeshi la Marekani likaagiza malori ya Toyota kwa maelfu. Fedha hizo ziliinusuru kampuni. Vita hivyo hivyo vilizaa pia haja ya gari dogo la kupanda milima, na Toyota ikaunda lake mwaka 1951, likiitwa BJ. Wahandisi hawakubuni injini mpya. Walichukua injini ya lori, silinda sita, lita 3.4, wakaipachika kwenye chesesi fupi. Dereva wa majaribio, Ichiro Taira, akalipandisha Mlima Fuji mpaka kituo cha sita, mahali ambapo gari halikuwa limewahi kufika. Polisi wa Japani wakashawishika kulinunua. Mwaka 1954 mkurugenzi wa ufundi Hanji Umehara akalipa jina la Land Cruiser, kwa kuwa Jeep lilikuwa jina lenye mwenyewe na Waingereza walishakuwa na Land Rover.

Kwangu mimi, kilicho kikubwa katika habari hii kuliko Mlima Fuji ni ile injini ya lori. Injini ya lori iliyowekwa kwenye gari dogo haikamuliwi. Inafanya kazi ikiwa na nguvu ya akiba, haipati joto kupita kiasi upesi, na vyuma vyake vinene vinavumilia oili iliyochelewa kubadilishwa. Tabia hiyo ilirithiwa toleo kwa toleo, na ndiyo iliyokuja kukutana na milima ya Manyovu na matope ya Malagarasi.

Wajapani wenyewe walifika ukanda wetu mapema kuliko magari yao yalivyofika kwa wingi, na hawakuja kuuza kitu. Mwaka 1961 Profesa Kinji Imanishi wa Chuo Kikuu cha Kyoto alileta msafara wa watafiti wa sokwe kwenye mwambao, upande wa Kabogo. Mwaka 1965 Toshisada Nishida aliweka kambi Kasoje, chini ya milima ya Mahale, akaanza utafiti ulioendelea kwa miongo mingi. Mahale ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Huko hakuna gari lililowasaidia. Mahale ilifikiwa kwa maji.

Kwa nchi nzima, uwakala wa Toyota ulishikwa na familia ya Karimjee, wafanyabiashara wa asili ya Kihindi walioanzia Zanzibar katika karne ya 19, na ambao jina lao liko kwenye ukumbi maarufu wa Dar es Salaam. Japani inaendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo gari lao linafika na usukani uko mahali pake. Hata hivyo miaka ya 1960 na 1970 Land Rover iliendelea kutamba vijijini. Kilichoiangusha hakikuwa ubovu. Tanzania iliishiwa fedha za kigeni. Bei ya mafuta ilipanda baada ya 1973, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala akiba iliyobaki, na kwa miaka kadhaa magari ya binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana ili kubana matumizi ya petroli. Huko Uingereza, British Leyland, kampuni iliyomiliki Land Rover, ilikuwa taabani hadi serikali yao ikaichukua mwaka 1975. Mmiliki wa Land Rover pale Kibondo akawa na gari zima lililosimama kwa kukosa sili ya oili. Anaweka jiwe chini ya gurudumu, anangoja. Mvua inakuja, inapita. Watoto wanageuza gari kuwa nyumba ya michezo.

Nawaheshimu wenye Land Rover. Wapo Watanzania wanaozipenda kwa dhati, na tamasha la Arusha la Oktoba 2024 lilionyesha ni wengi kiasi gani na wanazitunza vipi. Lakini gari la kazi hupimwa kwa siku linazotembea, na kwa miaka mingi zile zilizokuwa mkoani kwetu hazikutembea.

Bajeti ya mwaka 1984 ilibadili hali. Serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi, na pickup zikawa miongoni mwa vitu vya kwanza kumiminika bandarini. Novemba 1985 Ali Hassan Mwinyi akawa rais na mlango ukazidi kufunguka. Katikati ya hayo, Novemba 1984, Toyota ilitoa Land Cruiser ya toleo la 70, na mwaka 1990 ikaipa injini ya dizeli iitwayo 1HZ: silinda sita, lita 4.2, bila tabo, bila kompyuta. Hii ndiyo ambayo Watanzania waliiita Hardtop, na baadaye, ilipowekewa bomba la kuvutia hewa lililopanda kando ya kioo, wakaiita Mkonga. Toleo hilo bado linatengenezwa. Zaidi ya miaka 40 baadaye, mtu anaweza kununua jipya lenye umbo lile lile la bodi na chesesi ile ile ya ngazi, na kwa masoko kama yetu, injini ile ile.

Ila lililoifanya Toyota iwe gari la Kigoma ni msiba wa majirani zetu.

Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu wakaanza kumiminika Kasulu na Kibondo. Aprili 1994 ikafuata Rwanda. Mwishoni mwa 1996 vita vilipamba moto Kivu Kusini, na Wakongo wa Uvira, Fizi na Baraka wakavuka ziwa kwa mitumbwi mpaka Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Novemba mwaka huo. Zilikuwepo pia Mtabila, Muyovosi, Nduta, Kanembwa, Lugufu. Mkoa ambao kabla ya hapo ulikuwa na magari machache ya serikali ukajikuta na misafara ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, la Mpango wa Chakula Duniani, la Msalaba Mwekundu na mashirika mengine kadha wa kadha, na karibu yote yalipanda Land Cruiser nyeupe.

Mengi ya magari hayo yalipitia mahali ambapo wengi wetu hatukupajua: Gibraltar, rasi ndogo iliyo chini ya Uingereza kusini mwa Hispania. Huko kampuni ya Toyota Gibraltar Stockholdings huwahudumia Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada. Inaweka gari ghalani, inalifungia bomba la hewa, ngao ya mbele, matangi ya ziada na redio ya masafa marefu, kisha inalipeleka lilikoitwa. Ile antena ndefu inayoinamishwa na kufungwa kwa kamba kutoka bampa la mbele, ambayo kila mtoto wa Kasulu wa miaka ile anaikumbuka, ilikuwa sehemu ya mavazi hayo. Wakati huo majambazi waliteka magari kati ya Kasulu, Kibondo na Nyakanazi, na misafara ilitembea ikisindikizwa na polisi. Redio na gari lisilozimika njiani vilikuwa suala la uhai.

Watu husema chema chajiuza. Kwa Land Cruiser ya Kigoma sikubaliani. Iliuzwa na utaratibu. Gari la shirika lina daftari la safari, lina siku ya kubadilishiwa oili na filta, lina stoo ya vipuri halisi vilivyoagizwa kabla havijahitajika, lina dereva anayeulizwa kila mkwaruzo. Gari lolote likitunzwa hivyo litaonekana gumu. Na gereji za mashirika zilihitaji mikono. Vijana wa Kasulu, Kibondo na Ujiji waliingia humo kuosha vyuma kwa dizeli na kushika tochi, wakatoka wanajua kufungua giaboksi, kupanga meno ya difu na kupima nozeli. Kambi zilipofungwa, Lugufu mwaka 2009 na Mtabila mwishoni mwa 2012, magari yaliyochoka yakapigwa mnada na mafundi wakabaki. Hapo ndipo mfanyabiashara wa Kigoma alipopata gari na mtu wa kulitengeneza kwa wakati mmoja. Nissan Patrol ilikuwa gari zuri pia, na Mitsubishi ilikuwa na zake. Hazikupata jeshi la mafundi kama hilo.

Nimewatazama mafundi hao wakifanya kazi kando ya njia ya Kalinzi, na kazi yenyewe inaeleza zaidi ya tangazo lolote. Springi ya nyuma ya Hardtop ni mabamba ya chuma yaliyopangana, la juu likiwa ndilo refu na ndilo linalofungwa kwenye chesesi. Bamba hilo likikatika, gari linalala upande. Fundi anaweka gogo chini ya chesesi, anainua kwa jeki, anatoa gurudumu, analegeza zile boliti za umbo la U, kisha anavuta mabamba yote nje na kuyatandaza kwenye nyasi. Lililokatika anaweka pembeni. Anachagua jingine kutoka springi kuukuu aliyokuja nayo, anapima kwa shubiri, analinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe. Busha zilizolika anazibadili na nyingine, na kama hana, anachonga za muda kutoka tairi la zamani. Wakati anakaza, utingo anakanyaga spana kwa uzito wa mwili wake. Abiria waliokuwa wamekaa kivulini wanapanda, na gari linaendelea Manyovu. Hakuna kilichochomekwa kwenye kompyuta. Hakuna kilichoagizwa.

Ndiyo maana vipuri ni nusu ya sifa. Kipuri cha Hardtop kinatoka maduka ya Gerezani na Shauri Moyo, Dar es Salaam, na nyuma yake Dubai na Sharjah, ambako magari ya Ghuba huchinjwa na viungo vyake kuuzwa dunia nzima. Kinapakiwa kwenye basi jioni, na fundi wa Mwanga, Kigoma mjini, anakwenda kukipokea stendi. Hata umbali wa zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar haumtishi tena mwenye gari. Mombasa nako Land Cruiser pickup huunganishwa kwenye kiwanda cha AVA, jambo linaloongeza wingi wa viungo katika ukanda wetu.

Sifa ya gari hili imevuka mipaka kwa njia njema na mbaya. Mwaka 1987 jeshi la Chad, likiwa juu ya pickup za Toyota zenye makombora mgongoni, lilivishinda vifaru vya Libya, na mapigano yale yakaitwa Vita vya Toyota. Tangu hapo, hakuna kundi la waasi kuanzia Sahara mpaka mashariki ya Kongo ambalo halikulitamani. Upande wa pili, Machi 2021, Shirika la Afya Duniani liliidhinisha Land Cruiser 78, ya toleo lile lile la 70, iliyofungwa jokofu kuwa gari rasmi la kusafirishia chanjo, la kwanza la aina yake kupewa idhini hiyo. Gari lile lile linabeba bunduki na linabeba chanjo ya surua. Mhandisi hawezi kuchagua, ila mnunuzi anaweza.

Wenye Toyota wa mkoani kwetu wana malalamiko pia, na yanastahili kuandikwa. Hardtop inakunywa: lita 12 mpaka 15 kwa kilomita 100 si ajabu, na ikipakia sana zaidi ya hapo. Ni ndefu kwenda juu na ina tumbo la mizigo, hivyo kona ikikatwa kwa mwendo inalala ubavu. Viti vya nyuma vya modeli ya 78, vile vya kutazamana, vimewaumiza migongo mamia ya mama wajawazito waliokimbizwa Hospitali ya Maweni. Injini ya 1HZ ina udhaifu wake unaojulikana: ikipashwa joto kupita kiasi, silinda hedi hupasuka, na hili huwapata hasa wale wanaobandika tabo ili ipande mlima haraka. Halafu kuna magari ya heshima. Land Cruiser VX na V8 za viongozi, ambazo wananchi wanaziita mashangingi, zimezua mjadala bungeni na mitaani kwa miaka mingi, na kwa mkazi wa kijiji kisicho na gari la wagonjwa nembo ile ile inayomwokoa ndiyo inayompitia ikimwachia vumbi. Uchungu huo ni wa haki.

Kampuni yenyewe nayo imeteleza, na hapa ndipo nilipotaka ile kanuni ya uzi. Mwaka 2009 na 2010 Toyota iliyaita magari zaidi ya milioni 8 duniani kwa ajili ya pedeli za mafuta zilizokwama na mazulia yaliyozinasa. Mkuu wake Akio Toyoda, mjukuu wa Kiichiro, aliitwa mbele ya Bunge la Marekani Februari 2010, na mwaka 2014 kampuni ikakubali kulipa dola bilioni 1.2 kumaliza shauri la kuficha taarifa. Desemba 2023 uchunguzi ukaonyesha kwamba Daihatsu, kampuni iliyo chini yake, ilikuwa ikichezea majaribio ya usalama. Mwezi uliofuata yakatoka mengine: Toyota Industries ilikuwa imechezea vipimo vya nguvu za injini za dizeli, zikiwemo zinazowekwa kwenye Land Cruiser 300 na Hilux. Toyota Industries ni kampuni ile ile ya mashine za kufuma aliyoianzisha Sakichi mwaka 1926. Uzi ulikatika na mashine haikusimama. Injini yetu ya 1HZ haikuwemo katika shauri hilo, lakini anayenunua kwa kuitazama nembo tu ajue kwamba nembo inaendeshwa na watu, na watu wakisukumwa na muda hufunika kasoro.

Vilevile kuna pwani ambako Land Cruiser haina kazi. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walifika Kagunga, kijiji cha wavuvi mpakani, penye milima nyuma na maji mbele. Kipindupindu kikaingia. Vyombo vilivyobeba mzigo ni MV Liemba, meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 na kuunganishwa Kigoma, pamoja na boti za mbao. Watu waliletwa mjini, wakapumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika, ndipo wakapandishwa mabasi kwenda Nyarugusu. Kaskazini ya mwalo wa Kibirizi jina la Kijapani linalotajwa ni Yamaha, la mashine za boti, na hilo lina sura yake.

Sasa barabara zimebadilika, na wamiliki pia. Kwa miaka mingi Kigoma haikuunganishwa kwa lami na mikoa jirani. Daraja la Kikwete likavuka Malagarasi, na lami ikafika Uvinza, Kasulu na Manyovu. Palipohitaji Hardtop miaka kumi na tano iliyopita sasa panapitwa na Probox kwa saa chache. Toyota iliyo nyingi mkoani leo ni hii ndogo iliyotumika Japani. Kule gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kila ukaguzi una gharama. Mwenye gari anaona afadhali aliuze likiwa zima. Sisi tunalipokea. Hata Bujumbura na Uvira, wanakoendesha upande wa kulia, utazikuta zenye usukani wa kwetu, kwa sababu ya bei.

Probox ilitoka mwaka 2002 kama gari la ofisi, la watu 5 na mzigo mdogo. Kwetu imeitwa mchomoko, na kazi yake ni kuchomoka na watu 8, wakati mwingine 10, pamoja na dumu la mawese na kuku wa mtu. Inastahimili, na kustahimili kwake ndiko kunakoniogopesha. Breki zilizokokotolewa kwa watu 5 haziongezeki nguvu kwa sababu dereva ni hodari, na mteremko wa Kalinzi hauangalii nembo. LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, imekuwa ikipambana na michomoko, lakini abiria hana gari jingine linaloondoka saa kumi na moja alfajiri. Halmashauri na wenye mabasi wakiongeza Coaster kwenye njia ya Kasulu na Manyovu, watu wataacha kupakatana. Nawaomba waliangalie hili kabla barabara mpya haijatuzoesha misiba.

Na wewe unayejiandaa kununua: mtaka cha uvunguni sharti ainame. Lala chini ya gari. Mengine yametoka Hokkaido na mikoa mingine ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, na chesesi hula kutu ndani huku rangi ya nje ikimeta. Gonga kwa nyundo ndogo usikilize. Usiamini kilomita za dashibodi peke yake. Tazama pedeli, tazama ngozi ya usukani, omba cheti cha ukaguzi wa Japani. Kama ni Hardtop ya mnada, omba daftari lake la matengenezo, na kama halipo, shusha bei au ondoka. Uliza mafundi wawili wasiojuana. Kipuri cha bei ya kutupwa chenye boksi jekundu na jeupe la Toyota si lazima kiwe cha Toyota.

Kwenye dashibodi ya Hardtop kuna taa ndogo iliyoandikwa T-BELT. Inawaka wakati wa kubadili belti ya taimingi unapofika, na wapo wanaoing'oa globu yake ili isiwasumbue. Belti hiyo ikikatika injini ikiwa kwenye mwendo, vali zinakutana na pistoni, na kinachofuata ni bei ya injini. Ukiwa na 1HZ na hujui belti yake ilibadilishwa lini, ibadilishe mwezi huu.